Pancha jioni, jeki ipo, wili spana haipo: tulivyong'oa tairi kwa spana ya pikipiki

Buti Tupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naandika viganja bado vina malengelenge, mkikuta herufi zimekosewa mnisamehe.

Juzi jioni jua linazama, tairi la nyuma kushoto likaanza kupiga lap-lap-lap. Nikaenda nalo taratibu mpaka nikapata sehemu yenye ukingo mpana, nikashuka. Tairi limelala kabisa. Nikajisemea pancha ni pancha, dakika 15 niko barabarani. Nafungua buti: spea ipo, jeki ipo, mkono wa jeki upo. Wili spana, ile ya kufungulia nati za gurudumu, haipo. Nimeinua zulia, nimetoa spea, nimepapasa hadi kwenye matundu ya taa za nyuma. Hamna kitu. Kuna mtu alilishika gari langu miezi ya nyuma akaondoka nayo, na mimi tangu siku ile sijawahi kuangalia. Nimemlaani mtu huyo kwa majina yote ninayoyajua.

Nilichokuwa nacho ni plaizi, bisibisi moja na spana malaya ndogo. Nati zangu ni za milimita 21. Spana malaya nikaibana vizuri, nikavuta, ikafunguka mdomo na kuteleza, vidole vikagonga rimu. Nikajaribu tena kwa hasira. Safari hii ikala pembe moja ya nati, kwa kucha unaisikia kabisa ilivyolika. Hapo nikaacha, maana nati ikishageuka duara hata wili spana ikija haisaidii.

Baada ya kama nusu saa akasimama jamaa mmoja wa pikipiki. Chini ya kiti ana spana ya 22 ya mdomo wazi, anayofungulia ekseli ya nyuma. Tukaijaribu, inacheza. Nikamwambia hii itamaliza nati zote. Akanyamaza, akafungua kitambaa chake cha vifaa, akatoa kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, urefu kama kidole. Akakipenyeza kati ya mdomo wa spana na ubapa wa nati. Ikakaa kimya, haichezi hata kidogo. Wakuu, niliangalia ile kitu kama mtoto anaangalia mazingaombwe.

Nikakimbilia jeki niinue. Akanizuia: "Legeza kwanza kaka, lingali chini." Kweli, tairi likiwa ardhini halizunguki, na uzito wote wa gari unakushikia. Akaniambia nishike gari, niweke mguu kwenye mkia wa spana, nikandamize bila kurukaruka. Nati ya kwanza ikalia *kwaa!* nikadhani nimevunja stadi, ile bolti ya kwenye gurudumu inayofungiwa nati. Kumbe imeachia. Nne zikalegea hivyo hivyo, mzunguko mmoja mmoja tu, hatukuzitoa. Ile iliyolika ikagoma. Akaigonga kichwani kwa jiwe, mara kumi hivi, si kwa nguvu, kisha akaihamisha spana kwenye pembe ambazo bado ni nzima. Ikakubali.

Jeki ikaanza vituko. Ukingo ni udongo laini, ikazama badala ya gari kupanda. Nikatoa ule ubao unaofunika spea, nikaweka chini yake, ukakatika kama biskuti. Tukapata jiwe bapa, ila chuma juu ya jiwe kinateleza, basi tukaweka katikati raba ya kukanyagia ya dereva. Ikashika. Gari likapanda, tukatoa tairi. Jamaa akalaza spea chini ya bodi, pembeni ya jeki. Nikamuuliza ya nini, akasema "iache hapo, itatulinda."

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nimeacha gia nyutro kwa mazoea, nimevuta hendibreki tu, na hendibreki yangu naijua mwenyewe ni ya kubembeleza. Nimeingiza mkono kufuta kutu kwenye habu, kile kitovu kinachofungiwa rimu, nimetoa, nimegeuka kuchukua kitambaa. Gari likajongea kidogo tu, kama shibiri. Jeki ikalala. Gari likashuka *puu* na kukaa juu ya ile spea.

Spea haikupata kitu. Mimi nilikaa chini kabisa kwenye majani, miguu haina nguvu.

Tukaweka gia, tukaweka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, tukainua upya, lile bovu tukalilaza mahali pa spea, tukafunga. Nimefika nyumbani usiku. Naomba wenye uzoefu mnieleze: kwa nini gari lilijongea wakati hendibreki ilikuwa juu? Na mtu asiye na jeki kabisa anafanyaje?

Fundi Mbishi

Mkuu pole, na shukuru Mungu kwa huyo mwenye pikipiki. Jibu la swali lako ni rahisi. Kwenye magari mengi hendibreki inashika magurudumu ya nyuma tu. Ulipoinua la nyuma kushoto, kazi yote ikabaki kwa la nyuma kulia peke yake, na umesema hendibreki yenyewe ni ya kubembeleza. Mbele uko nyutro, matairi yanazunguka huru. Ungeweka gia ya kwanza, ya mbele yangekamatwa na injini. Nachukulia gari lako linavuta kwa mbele.

Ila msikariri gia. Gari la kuvuta mbele ukiinua tairi la mbele, gia haina msaada. Difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, inaruhusu lile lililo hewani lizunguke, na hapo la upande wa pili linaweza kubingirika taratibu, hata kama ni otomatiki na umeweka P, ile ya kuegesha. Hapo tegemeo lako ni hendibreki. Kwa hiyo vyote viwili, gia na hendibreki, halafu kabari. Kabari kuu iwe kwenye tairi linalotazamana kwa pembe na lile unaloinua: unainua nyuma kushoto, unazuia mbele kulia, mbele na nyuma yake. Jiwe la mviringo si kabari. Tafuta lenye uso bapa.

Spea chini ya bodi ndiyo imekuokoa mkono. Mimi kijana wa gereji akiinua gari bila kuweka kitu chini namfukuza siku hiyo hiyo.

Mama Kluchi

Mimi nimewahi kukwama bila jeki. Yaani ipo, lakini imevuja mafuta yote, unapampu inapanda, unapumzika inashuka. Pikapu, ekseli ya nyuma moja nzima, tairi la nyuma limeisha. Niko peke yangu na sepeto.

Nilichofanya: nililegeza nati kwanza. Kisha nikajenga mawe chini ya ekseli, karibu na gurudumu bovu kadiri ninavyoweza, makubwa chini, juu nikamalizia na kipande cha gogo ili chuma kiume kwenye mti kisiteleze. Nikagongelea kabari za miti mpaka hakuna mwanya. Ndipo nikaanza kuchimba chini ya tairi. Unavuta udongo kwa sepeto ukiwa umekaa pembeni, mguu wala mkono hauingii chini. Udongo unavyotoka gari linakalia mawe, na tairi linabaki linaning'inia. Likizunguka kwa mkono, limeiva.

Hapo nilikosea, jifunzeni kwangu: nilitoa bovu, nikaleta spea, haiingii! Nilisahau kwamba tairi lenye upepo lina kimo kuliko lililolala. Ikabidi nichimbe tena wakati habu iko wazi, kitu ambacho sitaki kukirudia. Chimba shimo la ziada mapema, tairi bovu likiwa bado limefungwa.

Kutoka nako kuna kazi. Ukiwasha tu na kuondoka, ekseli inaburuta mawe. Mimi nilijaza shimo chini ya spea kwa kokoto na udongo, nikashindilia kwa mpini, halafu nikagonga zile kabari kwa mti mrefu nikiwa mbali. Gari likashuka kama vidole viwili, likatulia kwenye tairi lake. Kazi nzima ilichukua saa tatu kasoro. Kwenye lami usijisumbue, lami haichimbiki kwa sepeto.

Kijiti cha Gia

Saa tatu! Dada yangu wewe ni jeshi. Kuna njia nyepesi kama jeki ipo ila haiingii kwa sababu tairi limelala sana: panda na tairi bovu juu ya ubao au jiwe bapa kwanza, taratibu kabisa, gari linapata kimo na jeki inapita.

Patasi na Nyundo

Buti Tupu, kwani hukuweza kutumia patasi? Unaweka ncha kwenye pembe ya nati, unagonga kuelekea upande wa kufungua. Mimi nimefungua hivyo mara mbili.

Fundi Mbishi

Inafungua, ndiyo. Na nati hiyo hutaifunga tena kwa heshima, na vipande vya chuma vinaruka machoni. Iwe ya mwisho kabisa, baada ya kushindwa soketi. Kwa nati iliyolika pembe, tafuta soketi ndogo kidogo kuliko saizi yake, ile yenye meno 12, uigongelee kwa nyundo mpaka ing'ate. Hata nati za kufuli ambazo ufunguo wake umepotea nyingi zinatoka hivyo. Soketi inaweza kuharibika, ndiyo gharama yake.

Tani Kumi

Mimi ni wa malori, naongeza moja ambalo limewaumiza wengi. Malori mengi ya Kijapani ya zamani, magurudumu ya upande wa kushoto yana nati za nyuzi za kinyume. Unafungua kwa kufuata mshale wa saa. Nimemkuta kijana ameweka bomba la mita mbili, watu watatu wananing'inia, wanakaza badala ya kulegeza! Angalia kichwani mwa stadi, mara nyingi pamegongwa herufi L au R. L ni ya kinyume. Futa tope kwanza usome, ndipo utafute bomba.

Mgeni wa Usukani

Samahani wakuu, mimi mgeni barabarani. Kukaza je? Nikitumia hilo bomba si itakaza vizuri zaidi?

Fundi Mbishi

Hapana mdogo wangu, na nashukuru umeuliza. Bomba ni la kufungulia tu, kufungia hapana.

Piga hesabu. Nati za gari dogo nyingi zinataka kati ya Nm 80 na 120 (Nm ni Nyutoni mita, nguvu unayosukuma mara urefu wa spana). Mtu wa kilo 70 ni kama Nyutoni 690. Akisimama kwenye spana ya sentimita 25 anatoa kama Nm 170, tayari amepita. Akisimama mwisho wa bomba la mita moja ni karibu Nm 690. Stadi yenyewe ni milimita 12. Inavutika, siku nyingine inakatika ukiwa kwenye mwendo, na wewe hukumbuki hata ulikanyaga bomba.

Kukaza kwa spana ya kawaida: simama vizuri, vuta kwa mikono, uzito wa mwili usiumwage wote. Upande wa nati wenye umbo la pia ndio unaotazama rimu, nimeona watu wamefunga kinyume na gari linacheza kama limelewa. Anza na vidole zote mpaka zishike nyuzi. Kisha kaza kwa kuruka, si kwa kufuatana, ukiwa na nati tano utachora nyota. Shusha gari mpaka tairi liguse chini, ndipo ukaze za mwisho. Na usipake oili kwenye nyuzi ukidhani unasaidia. Nati inateleza, nguvu ile ile inavuta stadi zaidi ya unavyodhani.

Mama Kluchi

Halafu usiku weka nati kwenye kofia ya rimu au ndani ya kiatu. Zikiingia majanini utazitafuta kwa machozi.

Kijiti cha Gia

Yalinikuta. Nati zote nne zilibingirika mtaroni kwenye maji. Dawa yake: toa moja kwenye kila gurudumu zima. Matatu mengine yanabaki na tatu tatu, hili nalo linapata tatu. Nilienda nalo taratibu hadi nilipopata nyingine. Kwa gari la nati tano ni afadhali zaidi, kila moja linabaki na nne, na hili linapata tatu.

Upepo Mdogo

Jamani, na spea ikiwa haina upepo je? Maana spea za wengi wetu ni pambo. Niliwahi kusikia mtu anajaza nyasi ndani ya tairi.

Tani Kumi

Nyasi nimewahi kuona kwa macho, porini. Ukijaza, ujaze mpaka mikono iume, ushindilie, na uende mwendo wa mtu anayetembea. Baada ya kilomita chache nyasi zimekuwa unga na tairi limejikata kwenye ukingo wa rimu. Hilo tairi ndiyo limekufa. Ni kwa mtu ambaye kubaki pale ni hatari zaidi kuliko kuua tairi.

Kabla ya kufika huko angalia pancha yenyewe. Kama ni msumari na tairi halina tyubu, usiung'oe! Ukiwa ndani unaziba kwa kiasi, unaweza kujaza upepo ukasogea. Watu wanaung'oa kwa hasira, tairi linapumua lote mbele ya macho yao. Na valvu nayo ikaguliwe, paka mate kwenye kidole, gusa mdomo wa valvu, ukiona povu linacheza basi pancha haipo, ni pini ya valvu imelegea.

Kijiti cha Gia

Kuna na mpira wa kuhamishia upepo, bomba jembamba lenye vichwa viwili, unaunga tairi zima na spea tupu. Mimi ninao. Matairi yenye ukubwa sawa, la kwanza likiwa na psi 32 (kipimo cha upepo) na spea 0, yatakutana kwenye 16. Hamia la pili lenye 32, yanakutana 24. La tatu, 28. Sasa spea ina 28, na wafadhili wako wamebaki na 16, 24 na 28.

Fundi Mbishi

Hesabu safi, lakini hilo la 16 ulikalie macho. Mimi ningekatisha mapema kwa la kwanza. Tairi nne za 24 ni bora kuliko tatu nzuri na moja inayopika ukuta wake. Pampu ya baiskeli yenye kichwa kinachoingia kwenye valvu ya gari nayo inajaza. Utapampu mamia ya mara, mikono itawaka, lakini inajaza.

Na zile spea nyembamba za dharura, someni ubavuni. Nyingi zinataka psi 60, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Iliyokaa miaka na psi 20 ni sawa na huna.

Patasi na Nyundo

Nati zimetoka zote lakini rimu imegandana na habu, je? Mimi hupiga teke.

Mama Kluchi

Gari likiwa juu ya jeki usipige teke la mpira wa penati, kaka! Hapo ndipo jeki inalala. Rudisha nati kwa vidole, uziache na mwanya wa mizunguko miwili, shusha gari, sogea mbele na nyuma kama nusu mita taratibu sana, breki kidogo. Uzito wa gari unaibandua. Utasikia *tok*. Kisha inua tena.

Mgeni wa Usukani

Na abiria wanakaa wapi wakati huo? Mvua ikinyesha nawaacha ndani?

Tani Kumi

Wote nje, mbali na barabara, hata mvua. Kama kuna kizuizi cha chuma pembeni wakae nyuma yake. Pembetatu ya tahadhari iweke nyuma mbali ili anayekuja akuone kabla hajakufikia, na kama ni kona iwe kabla ya kona. Na kama tairi lililopasuka liko upande wa magari yanayopita na hakuna ukingo, endelea mbele hata kwa rimu. Rimu inanunuliwa.

Buti Tupu

Wakuu asanteni, nimesoma yote. Mrejesho: jana nilitembea kama kilomita 60 kisha nikazijaribu nati upya. Nne zimekaa. Ile iliyolika pembe iliingia tena karibu robo mzunguko. Nimeibadilisha. Hendibreki imekazwa, gereji nyingine. Nimekata kipande cha ubao mgumu, sentimita 30 kwa 30, kinakaa chini ya jeki buti.

Sasa kuna jambo la aibu. Wakati napanga buti ili hiyo wili spana mpya ikae vizuri, nimekuta kitu kimefungwa ndani ya raba ya dereva, ile tuliyowekea jeki. Ni spana ya 22, na kipande cha msumeno. Giza lilikuwa limeingia, tulivyokuwa tunakusanya vitu nilizoa kila kitu. Yule jamaa ameondoka bila spana yake, na mimi jina lake sikuuliza.

Mama Kluchi

Basi anakulaani kwa majina yote anayoyajua.

Buti Tupu

Kesho napita ile njia saa zile zile. Nitasimama pale pale, hazadi zikiwa zinawaka.